Nilifukuza Kuku kwa Mshindilio wa Gobore

Rafiki yangu, wewe ninayekuamini, sogea hapa karibu. Kama hapo ulipo yupo yule jirani yako ambaye neno likiingia sikioni linatokea mdomoni kabla halijapoa, mtume kwanza akachote maji. Atarudi tu. Tutamhitaji baadaye.

Nimekosa! Nasema mapema usije ukanihurumia katikati ya maneno ukadhani mkosaji ni mwingine. Ni mimi, mama wa watoto sita, mwimbaji wa kwaya, mwenye cheti cha kisomo cha watu wazima. Aliyeumia ni mume wangu. Kuku naye yumo, lakini kuku hana kosa.

Mume wangu nitamwita Baba Gati, na mimi niite Mama Gati. Sio majina yetu. Tulitoka Tarime tukaja upande huu wa Natta wakati watu wanakusanywa kwenye vijiji vya ujamaa. Huku shamba ni la kijiji, tunalima bega kwa bega, lakini wenye njaa ya kwanza ni nyani na kanga wa porini. Hao ndio wanyonyaji! Hawashiki jembe, hawaji mkutanoni, ila mbegu ikifukiwa leo, kesho wameshaifukua.

Ndiyo maana kijiji kilimchagua Baba Gati kuwa mlinzi wa shamba. Alikuwa na gobore la baba yake, la midomo miwili, na kibali chake kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Sio watu wengi walikuwa na gobore la midomo miwili. Walikuwa na la mmoja, au walikuwa na debe na rungu.

Jamani, ungemwona anavyoshindilia! Wanawake wenzangu walikuwa wananicheka: "Mume wako anaishindilia bunduki kama anamvalisha bibi harusi." Na kweli. Haongei. Havuti sigara. Karibu na jiko hakai, na usiku kwa koroboi hashiki baruti hata umbembeleze. Kwanza anaangalia kama fataki, vile vikofia vya kuwashia baruti, zimetolewa pale nyuma. Kitako anakiweka chini, midomo inatazama upande ambao uso wake haupo. Baruti hamimini kutoka kwenye pembe moja kwa moja, anaipima kwa kikombe kidogo cha mfupa. Halafu kizibo cha katani, anakishindilia kwa ile fimbo yake, mshindilio. Halafu marisau, vile vidonge vidogo vya risasi, na kizibo kingine chembamba cha kuvizuia visimwagike. Fataki haiwekwi mpaka afike shambani.

Sasa sikia hili, maana ndipo kosa langu lilipokaa. Gobore la midomo miwili lina hatari ya kusahau. Ukiitwa katikati, ukirudi hujui ni mdomo upi umeshakula. Basi Baba Gati alikuwa na desturi yake: mdomo ulioanza kupata baruti, fimbo ya kushindilia anaiacha imesimama humo humo. Ikiwa imesimama mdomoni, ujue humo kumeshaingia kitu. Ikiwa imelala mahali pake chini ya mitutu, ujue hajaanza au ameshamaliza. Na hata hivyo alikuwa anapima. Ile fimbo aliichonga alama. Alama ikizama, mdomo mtupu. Alama ikibaki nje, humo ndani kuna mgeni.

Nyumba nzima tuliijua hiyo desturi. Hata mimi. Hasa mimi!

Ilikuwa Ijumaa jioni, na sisi tunashika Sabato. Jua likizama, kazi zimekwisha. Nyumbani kwetu saa hatuna. Saa ni mimi. Nikisema jua limezama, limezama. Siku hiyo kulikuwa na wingu zito upande wa magharibi, na Baba Gati amekaa mlangoni na gobore lake, ndiyo kwanza anaanza mdomo wa kulia.

"Baba Gati, jua."

"Nimeliona."

"Hujaliona, liko nyuma ya wingu."

"Basi na wewe hujaliona."

"Kwani lazima ushindilie leo?"

"Nashindilia leo ili kesho kanga wakija nifyatue tu. Kazi ni kushindilia. Kufyatua ni kidole kimoja."

"Hiyo lesoni ya Sabato umefundishwa na nani?"

"Ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato si anatolewa?"

"Kanga sio ng'ombe!"

"Nani kasema kanga? Mbegu ndiyo ng'ombe. Imetumbukia kwenye tumbo la kanga."

Sasa mtu kama huyo utamjibu nini? Nikaguna nikaenda zangu ndani. Alikuwa ameshamimina baruti na kushindilia kizibo. Nilimwona kwa macho yangu haya mawili. Yalikuwa yamebaki marisau.

Mara hodi! Balozi wetu wa nyumba kumi amekuja kuuliza nani atalinda shamba kesho. Baba Gati akalisimamisha gobore kwenye kona, fimbo imesimama kwenye mdomo wa kulia kama mkia wa ngiri anayekimbia. Akasema kama anavyosema siku zote, "Mama Gati, usiguse." Akatoka. Na balozi wetu, Mungu ambariki, akianza salamu, hata mvua inaweza kunyesha ikakatika.

Hapo ndipo kuku akaingia.

Yule kuku mweupe! Alipita mlangoni kama mwenye nyumba, akapanda kitandani, juu ya nguo za kanisani nilizokuwa nimefua asubuhi na kuzikunja moja moja. Miguu ina matope! Nikapiga kelele, akarukia kwenye vikombe. Nikatafuta kitu cha kumfukuzia, mkono ukakutana na fimbo nzuri, nyembamba, imenyooka. Nikaichomoa. Nikampiga huku, akaenda kule, mpaka akatoka akilalamika kama yeye ndiye aliyeonewa.

Fimbo ilikuwa imechafuka. Nikaifuta vizuri kwa pindo la kitenge. Halafu, mimi ninayependa kila kitu kikae mahali pake, nikaichomeka mahali pake. Chini ya mitutu! Nikatazama nyumba nikafurahi. Sabato ikute kumenyooka.

Baba Gati aliporudi akasimama mbele ya gobore. Akalitazama. Akajikuna kichwa. Ndipo ikanijia, kama mtu anayekumbuka sufuria jikoni wakati yuko kisimani.

"Mama Gati."

"Abee."

"Umegusa hapa?"

"Nani? Mimi?"

Rafiki yangu, mtu akiulizwa akajibu "nani, mimi?" huyo ameshajibu. Lakini Baba Gati hakuwa na mazoea ya kunichunguza.

"Mbona mshindilio uko chini? Nilikuwa nimeanza wa kulia."

Ningesema hapo! Neno moja tu: kuku. Angenifokea kidogo, tungecheka, yangeisha. Lakini alikuwa ameniambia usiguse, tena mara nyingi, na mimi ndiye ninayewafundisha kina mama kanisani habari ya kutii. Nikaona aibu. Aibu ya kuku!

"Hukuanza," nikasema. "Balozi alikuita kabla."

"Mmh. Ngoja nipime tu."

Akainama kuchomoa fimbo. Nikajua akipima, alama itabaki nje, na mimi nitabaki nje pamoja nayo. Nikapaza sauti, "Baba Gati, weka chini! Jua limezama! Sabato imeingia!"

Akatazama nje. Wingu. Akanitazama mimi, saa ya nyumba. Akaliweka gobore kwenye kona taratibu.

"Haya, mama. Sabato njema."

"Sabato njema."

Nilipotoka kumwaga maji ya kunawia, wingu lilikuwa limefunguka. Jua lipo! Lipo juu ya kilima, upana wa vidole viwili, linanitazama. Nikarudi ndani nikaanzisha wimbo.

Unaona nilichofanya? Watu husema uongo wakajificha nyuma ya mti, mimi nilijificha nyuma ya Sabato. Amri ya nne nimeishika kwa mkono, ya tisa nimeikanyaga kwa mguu. Kesho yake kanisani nikasema fungu la kukariri bila kukosea hata neno, watu wakaitika amina.

Jumapili asubuhi kelele zikatoka shambani. Wanawake waliotangulia walikuwa wanaita, "Kangaaa! Wamejaa!" Baba Gati akachukua gobore, akatoka nalo nje.

"Mama Gati, ile Ijumaa una hakika sikuanza?"

"Hukuanza."

Akaishika fimbo kupima. Kelele zikazidi. Akasita, akatabasamu. "Aa, basi. Umeshanipimia wewe."

Akamimina baruti midomo yote miwili. Akatia kizibo, akashindilia, akatia marisau na kizibo cha juu. Mdomo wa kulia fimbo ilibaki juu kuliko siku zote, nikaiona, naye akaiona. Akasema, "Katani ya leo nene." Mimi kimya! Unajua nilikuwa najiambia nini? Labda kweli hakuanza. Labda niliona vibaya. Mtu akidanganya vizuri, wa kwanza kusadiki ni yeye mwenyewe.

Nikabeba jembe nikamfuata.

Shambani aliwarudisha wote nyuma yake, kama kawaida yake. Akaweka fataki. Akaanza na mdomo wa kushoto: paa! Kanga wawili chini, wengine wakaruka. Akawafuata juu kwa gobore, akafyatua wa kulia.

Huo mlio siwezi kuuandika. Kisomo hakikutufundisha herufi zake. Moshi ulipopungua, Baba Gati alikuwa chali kwenye matuta, kofia yake iko juu ya mti wa miiba, na mtutu wa kulia umepasuka kama ganda la maharage yaliyokauka. Kiganja cha kushoto kimechanika, damu imeingia kwenye udongo tuliopanda mbegu. Nyusi zimeungua. Macho Mungu aliyafunika.

Nilipiga magoti. Akafungua macho.

"Mama Gati, mimi nimekufa?"

"Hujafa! Hujafa, baba!"

"Basi mbona unanong'ona?"

Na mimi nilikuwa napiga kelele mpaka koo linauma! Sikio la kulia lilikuwa limekwenda, na halijarudi mpaka leo. Wanawake walicheka wakilia. Mimi nililia tu. Halafu akasema mwenyewe, amelala pale pale, "Mdomo wa kulia ulikula mara mbili."

Zahanati wakamshona. Kijiji kikaitisha mkutano, maana shamba ni la wote. Mwenyekiti akauliza, "Mzee, ilikuwaje?" Baba Gati akasimama na bandeji yake.

"Ndugu Mwenyekiti, nilisahau. Nilishindilia Ijumaa, nikashindilia tena Jumapili. Kosa ni langu."

Mimi nimekaa na wanawake, nimenyoosha miguu, natazama vidole vyangu kama ndiyo nimepewa leo. Sikuinua mkono! Mmoja huko nyuma akaita, "Baruti Mbili!" Mkutano ukaangua kicheko. Baba Gati akacheka nao, kwa heshima. Ulinzi wakampa mgambo mmoja, kijana mzuri, ana rungu na debe. Kanga hawakuwa na shida naye hata kidogo.

Jina likamganda. Shikamoo Mzee Baruti Mbili, karibu Baruti Mbili. Likapanda mpaka mnadani Mugumu, watu ambao hawajui hata sura yake wanalijua jina.

Lakini sio hilo lililonimaliza. Gobore ni chuma. Sikio, Mungu alimpa mawili. Kilichonimaliza ni zizi.

Mume wangu alianza kurudi njiani. Ameshafunga zizi, amefika mlangoni, anageuka kwenda kutazama. Anarudi, anakaa, anauliza, "Mama Gati, nimefunga zizi?" Namwambia umefunga. "Jembe nimerudisha?" Umerudisha. Mtu ambaye alikuwa anakumbuka ndama gani kazaliwa mvua gani! Jioni moja akaniambia, "Hesabu wewe ng'ombe. Kichwa changu kimetoboka." Wewe wa kwetu unajua mwanaume kumwachia mke hesabu ya ng'ombe jioni maana yake nini. Wengine niwaambie tu: ni kama kuvua kofia yake akamvisha mkewe.

Nami nikahesabu! Na kila nikimwambia "umefunga", ananiamini. Kichwa chake hakiamini, mdomo wangu anauamini. Nilikuwa nimemwibia akili yake halafu namkopesha kidogo kidogo.

Nilitubu kwa Mungu. Nilitubu hata kwa mume wangu, nilimnong'oneza yote, wazi wazi, upande wa sikio bovu! Nikajisemea, si nimeshamwambia? Cheka tu, rafiki yangu. Na mimi najicheka.

Misimu miwili ya mtama ikapita hivyo. Jioni moja tuko zizini, akaniuliza kama amefunga. Nikamjibu. Akauliza tena, kumbe hakukumbuka kwamba ameuliza, au aliona aibu akajifanya hakumbuki. Nikaona hapana. Nikazunguka nikasimama kushoto kwake.

"Baba Gati, ile Ijumaa nilikudanganya. Nilichukua mshindilio nikafukuza kuku."

"Kuku gani?"

"Yule mweupe."

Ng'ombe wanacheua. Halafu akauliza polepole, kama mtu anayepapasa gizani, "Kwa hiyo nilikuwa nimeanza?"

"Ulikuwa umeanza."

"Baruti niliweka?"

"Na kizibo."

"Na mshindilio niliuacha mdomoni?"

"Uliuacha. Ulisimama pale vizuri kabisa."

Akaegemea mti wa zizi. Nilitegemea anifokee. Nilitaka anifokee! Akasema tu, "Na mimi nilidhani nimezeeka."

"Hukuzeeka, baba."

"Na jua?"

"Jua gani?"

"La ile Ijumaa."

Ee Mungu wangu! "Vidole viwili," nikasema.

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho kwa kile kiganja chenye kovu, na kicheko kikaisha lakini kujifuta hakukuisha. "Kuku mwenyewe yuko wapi?"

"Aliliwa. Wale wageni wa kanisa."

"Kwa hiyo mmekula shahidi!"

Usidhani iliishia kwenye kicheko. Hakunisemesha tena mpaka Sabato nyingine, na chakula alikula ananipa bega. Ilikuwa haki yake. Lakini jioni ile ile alinipita, akahesabu ng'ombe mwenyewe, midomo inacheza. Akaweka miti ya zizi, mmoja mmoja. Akaenda zake ndani.

Hakugeuka. Hakuniuliza.

Aliponisemesha nikamwambia nitasimama mkutanoni niseme. Akakataa. "Mkutano unasikika hapa tu. Jina langu liko mnadani. Wewe si ndiye uliyesoma? Andika." Ndiyo naandika. Nikishamaliza nitamsomea, upande wa kushoto.

Basi ninyi wenye magobore, pimeni. Pima mwenyewe, kila mara, hata kama mkeo ni malaika na ana cheti. Ukikatizwa, usiulize mtu ulifika wapi, iulize fimbo. Ukifyatua mdomo mmoja, toa kwanza fataki ya ule mwingine kabla hujaanza kushindilia tena. Na fimbo ikipanda juu kuliko jana, usiisingizie katani.

Wanawake wenzangu, kuku ana ufagio wake! Anayeshindilia msimsemeshe, mwacheni na kimya chake. Na sisi tunaosali sana, tuwe waangalifu zaidi ya wote, maana sisi tukidanganya watu hawapimi.

Jina langu silitaji, ingawa pale kijijini watanijua kwa huyo kuku.

Haya, yule jirani yako amerudi na maji? Mwite. Mwambie yote, usimfiche kitu, halafu mwache aende kisimani, kanisani, dukani kwenye foleni ya sabuni. Na wewe msomee asiyejua kusoma. Yafike mpaka Mugumu mnadani, kwamba Baruti Mbili sio jina la mume wangu. Baruti ya kwanza aliiweka yeye, tena aliiweka vizuri. Ya pili niliiweka mimi, kwa mdomo wangu.